Mtoto Ndani ya Blanketi Langu

Jumatatu, 9 Novemba
Hotuba imekamilika. Kali! Jumamosi chifu wetu anaitisha pitso, mkutano wa kijiji kizima, tuamue kama ghala kuukuu ligeuzwe mahali pa kulelea watoto wa akina mama wa kiwandani. Napinga. Mzazi huchagua! Anayetaka kazi aende kazini, anayetaka mtoto abaki nyumbani, kijiji kisitwishwe uchaguzi wa mtu. Nimeandika bila kusita, ingawa Tumo alitapika uji kwenye ukurasa wa pili.

Tumo ni mwanangu. Yuko nami kwa muda tu. Mama mkwe, mlezi wake, amepanda milimani kupalilia. Mke wangu anashona suruali kiwandani, na msimamizi kamwambia akikosa siku moja zaidi asirudi. Mimi sina kazi tangu mgodi ufungwe. Kwa hiyo tumechagua nibaki. Tumechagua!

Jumanne
Hoja ya ghala ni ya Phakiso, jirani anayekaanga maandazi langoni mwa kiwanda. Leo kanikuta nafua nepi. Nikamwambia ni vitambaa vya kung'arishia viatu. Akasema basi nina viatu vingi, na vyote vinaharisha. Mshenzi.

Alhamisi
Mbinu ya kumficha Tumo imepatikana! Mwanamume wa Kisotho akijifunika blanketi, hakuna anayemuuliza kabeba nini. Nikamfunga Tumo mgongoni kama wafanyavyo akina mama, juu nikatupia blanketi langu la sherehe, nikabana pini. Sokoni bibi mmoja akaniuliza kibiongo hiki kimenianza lini. Mgodini, nikasema. Akanihurumia, akaninyooshea ndizi. Kikono kikatoka shingoni mwangu kikaichukua.

Jumamosi
Joto la kuoka mkate. Wenzangu na mashati, mimi na blanketi. Nilianza vizuri. Nilipofika "mzazi huchagua", blanketi likalia. Nikapandisha sauti. Nalo likapandisha.

Chifu, mama mwenye subira, akaniita kwa jina la baba wa Tumo na kuuliza, "RaTumo, nani huyo anayekupinga?"

"Mwanangu, Mama. Nimechagua kumbeba."

Phakiso hakuinuka hata kwenye kiti. "Basi chagua kumpeleka kwa mama yake, baba, umalize hotuba."

"Haiwezekani. Akitoka kwenye cherehani watamfukuza."

Kikazuka kicheko, hadi mbwa wakabweka. Walipoulizwa wanaotaka ghala, mikono yote ikainuka, na mmoja ulitoka shingoni mwangu.

Likabaki swali la mlezi. Akina mama watachanga ujira wake. Chifu akauliza nani ana uzoefu na hana kazi. Wote wakautazama mgongo wangu.

Jumatatu
Nimeanza kazi ghalani. Mke wangu yuko kwenye cherehani yake, hakukosa siku. Watoto wamejaa hadi mlangoni, wawili wamelala juu ya blanketi la sherehe, mmoja amelilowesha.

Phakiso kaleta maandazi ili apate kucheka. Nikamweleza wazi: sikulazimishwa na mtu. Ningeweza kukataa. Tungekosa chakula tu.

Akauliza basi nilichagua kati ya nini na nini.

Swali la kitoto! Nitamjibu kwenye pitso ijayo. Hotuba nimeshaianza: mzazi huchagua. Naiandika kwa mkono mmoja, wa pili unabembeleza.