Mafuta Yaliyokataa Kupungua

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Baridi kali hapa Landless, Thika. Wamalwa, kaka wa mke wangu, ameondoka alfajiri kwenda Bungoma. Mwanawe anatahiriwa. Ametuachia pawasoo yake, ule msumeno wa mashine anaokatia watu miti. Kwake Mwiki haachi kitu, maana wezi wa kule huondoka na sufuria ikiwa na uji wake. Kabla ya kupanda gari amenishika mkono akaniambia, "Shemeji, hii ndiyo shamba yangu. Usiiguse hata na kitambaa."

Nimeapa. Alipokata kona nikaifunua, niitazame tu. Kitu kikubwa! Meno yote yale kwenye cheni, na yote yameelekea upande mmoja, hakuna lenye ubishi. Nimesimama hapo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi akirudi ana kazi Murera. Mikaratusi mitano kwenye ploti ya kanisa la Pasta Rachael, mahali panapojengwa ukumbi. Karo ya huyo kijana imekalia miti hiyo. Pasta amesema atamngoja Wamalwa hadi Jumamosi. Asipoonekana, ataitwa Gachau. Gachau! Pawasoo mpya, ovaroli isiyo na doa, na tabia ya kupita pale kila siku akiipigapiga miti ya watu kama mnunuzi wa ng'ombe.

Swali langu: kwa nini miti ingoje? Miaka miwili nambebea Wamalwa magogo. Kuwasha nimeona. Kuchanganya petroli nimeona. Naikata mimi, Wamalwa anarudi, anakuta kazi imekwisha, analia kwa furaha. Gachau analia pia, kwa sababu zake.

Kasoro moja tu. Kile kitangi cha oili, inayolainisha cheni isiungue, ni kitupu. Kwenye chupa ya Wamalwa imebaki harufu. Jambo dogo!

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi nimejaribu salad, mafuta ya kupikia. Dorine, mke wangu, huikaangia mandazi anayouza kwenye geti la kiwanda. Mafuta ni mafuta. Nikajaza kitangi. Dorine akaitafuta chupa yake, akaniuliza mara moja tu, kwa ile sauti. Nikasema nitatazama nje. Nikaimimina yote tena ndani ya chupa, kupitia chujio la chai. Wateja wamelalamika kuwa mandazi ya leo yana harufu ya stesheni ya petroli. Dorine amelaumu unga. Sikuingilia.

Mchana nikaenda kwa Nzioki, fundi wa magari. Amenipa mkebe wa oili chafu, ile inayomwagwa gari likifanyiwa sevisi. Amesema wapo wanaoitumia kwa cheni, ni bure, ila imejaa vumbi la chuma na itanirukia hadi kwenye kope. Nimechungulia ndani ya mkebe. Nyeusi tii! Nikaiwazia ploti ya Pasta, nyasi zake na maua yake, halafu shati langu jeupe. Nimemrudishia.

Jioni, Ruiru, kwa Kyengo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kyengo alikuwa askari wa shamba moja la kahawa lililokatwakatwa ploti, na vitu vya stoo ya zamani akavihamishia kwake. Ametoa mtungi wenye picha ya jani na picha ya cheni. Oili ya cheni hasa! Imetengenezwa kwa mimea, haiharibu udongo. Tarehe imefifia, lakini mwaka unasomeka: 2011. Nikauliza kama haijaharibika. Kyengo amecheka mpaka akakohoa. Amesema, "Kwani hii ni maziwa? Mafuta haiozi. Inakomaa."

Inakomaa! Nimefungua kifuniko. Rangi ya asali. Harufu kama ya rangi ya mlango. Nikainamisha mtungi, ikaja polepole, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba mkutano hauwezi kuanza bila yeye. 2011 ndio mwaka aliozaliwa yule kijana wa Wamalwa. Wao ni rika moja! Yeye anaingia utu uzima Bungoma, nayo inaingia kazini Murera. Nimempa Kyengo redio yangu, nikaondoka kabla hajabadili nia.

Jumatano, 7 Agosti

Murera. Pasta Rachael amenikuta getini. Ameuliza Wamalwa yuko wapi. Nikasema amenituma nianze. Kisha akaiombea pawasoo, akaniombea mimi, na nilipofungua jicho moja nikamwona ameniwekea mkono kichwani na mwingine juu ya kitangi.

Nikavuta kamba. Ikawaka! Mimi, Tobias, na ngurumo ile yote mikononi! Nimeanza na mkaratusi mwembamba. Vumbi jeupe likaruka, mti ukatoa mlio, ukalala pale pale nilipouelekeza (takriban). Kisha ukimya. Nilihisi nimepewa kitu ambacho si cha kila mtu. Wamalwa hufanya hivi kila siku na kurudi nyumbani kula ugali kama kawaida. Sijui anawezaje.

Lakini si hilo. Nilipomaliza nikafungua kitangi ili niongeze oili. Kimejaa. Kimejaa hadi juu, kama nilivyokijaza asubuhi! Wamalwa akikata mti mmoja lazima aongeze. Nikafunga. Nikafungua tena. Kimejaa!

Sijamwambia mtu. Kuna mambo ya kuwekwa moyoni kwanza.

Alhamisi, 8 Agosti

Mti wa pili. Mnene kidogo. Pawasoo imetoa moshi kwenye lile bamba la chuma ambalo cheni hulizunguka. Moshi mwembamba, wa bluu, wenye harufu nzito, ukipanda moja kwa moja juu. Nikavua kofia.

Kisha nikafungua kitangi. Hakijapungua hata kidogo. Hapo nikamkumbuka yule mjane wa Sarepta na chupa yake ya mafuta, nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Mafuta haya hayaishi! Pasta aliweka mkono wake pale pale!

Katika hali hiyo akanikuta Gachau, ovaroli yake ikiwa imenyooshwa pasi. Hakusalimu vizuri. Amesema, "Haiya! Hiyo cheni inalia, wewe husikii? Oili haifiki." Nikamweleza kwa upole kwamba oili imejaa. Akaokota boksi la maziwa, akasema niielekeze ncha ya bamba hapo nikiwa nimeongeza moto wa injini. Oili ikifika, itarusha mstari kwenye boksi. Nikafanya. Boksi likabaki safi. Gachau akasema, "Umeona?" Nikamjibu kwamba nimeona: mafuta machafu hupaka, mafuta safi hayampaki mtu. Gachau amecheka hadi akashikilia mti. Akaacha kucheka, akanisihi nisitishe kazi, maana nitaua mashine ya Wamalwa. Amenisihi mara mbili!

Wivu. Sikujua wivu unaweza kumfanya mtu awe na huruma kiasi kile usoni.

Jioni nimemwambia Dorine yote. Nimemweleza mpango: tutagawa mafuta kwenye chupa ndogo, kila mwenye pawasoo toka Thika hadi Ruiru ajaze mara moja tu maishani. Alikuwa anakanda unga. Amesema, "Baba Austine, kama hayapungui, basi hayatumiki." Kisha akauliza pawasoo ya kaka yake iko wapi. Nikasema iko salama. Ni mwanamke mwema, lakini imani yake ni haba.

Ijumaa, 9 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa.

Mti wa tatu ndio mkubwa kuliko yote, na umeinamia upande wa hema ambamo kanisa linasali kwa sasa. Niliwaalika wazee wa kanisa waje washuhudie. Walikuja sita, na viti vyao. Nikatoa ushuhuda kuhusu kitangi, nikakifungua kila mmoja achungulie. Mzee mmoja akasema amina. Pasta aliuliza tu kama nina hakika.

Nikaanza. Moshi ukaja, mwingi kuliko jana. Ushuhuda mkubwa, moshi mkubwa! Kisha cheni ikalia kama nguruwe, ikakwama, ikanyamaza. Bamba lilikuwa limegeuka rangi ya bluu ndani ya mti. Nikavuta. Haikutoka. Mti ukasema kwach. Nusu umekatwa, nusu umesimama, na hema chini yake. Wazee waliinuka na viti vyao mara moja, na sijawahi kuona wazee wakikimbia hivyo.

Nikabaki peke yangu na mti. Nilitazama juu, nikaona vile ulivyo mrefu. Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa hadi nikamwita Wamalwa kwa jina, naye yuko Bungoma.

Pasta alimpigia simu Gachau. Alikuja mbio, akafunga kamba juu, akawapa vijana wa kanisa waivute upande wa pili, akakata kidogo hapa na kidogo pale. Mti ukaenda ulikotumwa, hatua chache tu kutoka kwenye hema. Alifanya kazi hiyo bila kunitazama. Nimemstahi, na inaniuma kusema hivyo. Kisha akaitoa pawasoo ya Wamalwa kwenye kisiki, akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi maiti ya mtoto wa watu.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamalwa amerudi. Alikuja akitabasamu, akisimulia jinsi kijana alivyosimama bila kupepesa jicho. Dorine akaweka chai. Mimi nikaweka pawasoo mezani.

Tabasamu liliondoka polepole. Alipitisha kidole kwenye bamba lililopinda. Akagusa cheni iliyolegea. Akafungua kitangi, akaona kimejaa, akaimwaga ile oili kwenye karai. Haikumwagika, ilidondoka kwa mabonge. Akaingiza waya kwenye kile kitundu inapopitia oili, akachomoa kitu kama gundi ya fundi viatu. Akasema oili ya mimea haikai miaka hiyo yote, inaganda, na hii iliziba njia siku ya kwanza. Akasema, bila kupandisha sauti, "Shemeji, hata tone moja halikutoka. Hata moja."

Nikataka kumfariji. Nikasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dorine akaniambia nitoke nje.

Kupitia dirishani nilimwona Wamalwa ameketi, mikono mapajani, akimwambia dadake kwamba hajui atamwambia nini kijana aliyemwahidi shule. Sikuwahi kumwona hivyo. Nililia kwenye kamba ya nguo, uso ndani ya shuka la Dorine.

Saa kumi akaja Gachau. Nilidhani amekuja kucheka. Amesema Pasta amempa miti miwili iliyobaki, lakini kazi ilikuwa ya Wamalwa na yeye hali cha mtu aliyekuwa msibani au kwenye sherehe ya mwana. Watumie pawasoo yake, wakate pamoja kuanzia Jumatatu, wagawane. Na bamba la zamani analo nyumbani, Wamalwa anaweza kulijaribu. Wakashikana mikono. Nimeruhusiwa kubeba magogo. Nikigusa mashine, Dorine amesema, nitafute pa kulala.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani nimeketi nyuma kabisa. Pasta amehubiri juu ya unyenyekevu, na wale wazee sita wamegeuka kunitazama kwa zamu. Nimestahili. Nimeinamisha kichwa nikatubu. Nimetubu kweli, na machozi yakanitoka.

Katikati ya toba, maneno ya Wamalwa yakanirudia. Hata tone moja halikutoka. Hata moja!

Nikaacha kutubu.

Miti miwili na nusu. Bila tone! Wamalwa, fundi mzima, hajawahi kukata hata fito bila oili. Gachau na ovaroli yake anajaza kitangi kila wakati. Kuanzia hapa hadi Ruiru watu wanamwaga oili kwenye vumbi la mbao, miaka nenda miaka rudi, wanauliza hii inafaa, ile haifai, hii imepitwa na muda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu kuacha! Mimi nimejaribu. Nywele zilinisimama pale pale kwenye benchi. Kumbe muujiza haukuwa kwenye kitangi. Ulikuwa mikononi mwangu! Ule mti wa tatu ulikwama kwa sababu ya wazee. Walikuwa na shaka, na viti.

Sijamweleza Dorine. Mambo makubwa hayaelezwi, yanaonyeshwa. Kesho Wamalwa na Gachau wakienda kunywa chai, nitaifungua ile pawasoo ya Gachau, nimwage oili yote kwenye nyasi, nifunge kifuniko vizuri na kufuta. Halafu nikae kando na magogo yangu.

Natamani sana kuuona uso wa shemeji.