Madaftari Mawili, Jino Moja

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Damu kwenye andazi. Mara ya pili leo, na bado ni asubuhi.

Nimekwenda kituo cha afya. Daktari wa meno ni binti, anaitwa Josiane. Akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akalishika jino langu la mbele kwa vidole viwili na kulitikisa kama mtu anayejaribu kigingi cha mbuzi. Linacheza! Akasema fizi zimevimba na zinaliachia. Akauliza ninakula nini. Nikasema chakula. Akauliza chakula gani. Binti mkali.

Akaeleza kwamba sukari inalisha vijidudu vinavyokaa kwenye utando wa meno, na mwili usiopata mboga na matunda hauna nguvu ya kuponya fizi. Akanisafisha meno, nikatema damu bakuli zima. Akanipa daftari. Niandike kila ninachokula, nimrudishie Jumatano ya wiki ijayo, ndipo ataamua kuhusu jino.

Nimeelewa. Ni mtihani. Anayefaulu anabaki na jino lake.

Na hili si jino tu. Ni upande wa kushoto wa mwanya wangu. Deodata, mke wangu, alikuwa akisema alinikubali kwa ajili ya mwanya, mengine aliyavumilia. Tarehe 23 anatimiza mwaka kaburini. Baada ya misa nitasimama kutoa neno la shukrani. Nataka anione na mwanya wangu.

Ukweli nitauandika humu tu, kwenye daftari langu: chai vijiko vitano, maandazi, biskuti. Enzi za Deodata vijiko vilikuwa viwili na kopo la sukari lilifichwa juu ya kabati. Sasa linakaa mezani. Uhuru!

Mboga? Tuta la mwisho la mchicha alilipanda yeye, wiki mbili kabla ya kulazwa. Sikulichuma. Nilijiambia nikichuma litaisha. Likakomaa, likakauka. Yamebaki mabua.

Jumanne, 12 Novemba

Daftari la daktari bado jeupe. Niandike nini? Maandazi?

Nimepata akili. Jirani yangu Mashimba, aliyehamia hapa Nyabusozi kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, ana meno thelathini na mawili. Nayajua kwa sababu huyaonyesha yote akicheka, na hucheka kila anaponiona. Anafungua soda kwa meno, mshenzi yule, halafu soda yenyewe ananipa mimi. Yeye hanywi.

Basi nitaandika anachokula Mashimba. Nimesimama nyuma ya ua wa minyaa nikajifanya natafuta kuku. Mchana: ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando. Papai. Nimeyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Jioni mimi nimelowesha biskuti kwenye ile soda yake. Laini, hazisumbui jino. Hiyo nayo ni busara.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekamatwa nyuma ya minyaa. Mashimba akauliza kwa sauti kama "jilani", ndivyo anavyotamka, siku hizi anamchunguza mke wake au sufuria ya mke wake. Kwandu, mke wake, akacheka hadi akaweka mwiko chini. Nikasema natafuta kuku. Mashimba akanionyesha kuku wangu wote watatu, wamesimama nyuma yangu.

Kumbe wamenionea huruma. Saa saba Kwandu akaleta bakuli: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na majani ya kunde pembeni. Akasema mgane hapaswi kula peke yake. Nikasema wabeja, asante kwa Kisukuma chao, akafurahi. Michembe ina utafunaji mwingi, nikahofia jino. Nimewamwagia kuku. Wana afya sana kuku wangu.

Kwenye daftari la daktari: michembe, karanga, majani ya kunde. Hiyo siyo hata uongo. Ilifika nyumbani kwangu.

Jumapili, 17 Novemba

Jino limelegea zaidi. Leo nimetumia mbinu. Nimefungua kopo la sindano la Deodata, nikachukua uzi mweusi, nikalifunga jino bovu kwa jirani yake. Ndani ya kopo kuna kifungo cha shati langu la harusi. Alikiokota, alisema atakishona. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu.

Uzi umenikata fizi wakati wa mahubiri. Baada ya misa nikanywa chai parokiani, andazi likanasa kwenye uzi, nikalivuta, uzi ukaja na andazi mbele ya wazee wa kanisa wote. Shemeji yangu Speciosa, mdogo wake Deodata, akaniuliza kama navua samaki. Akaniambia nifungue kinywa. Nikakataa. Akasema Deodata angeniona ninavyoishi angefufuka aje anipikie, na kwamba hilo halitatokea, kwa hiyo nijipikie.

Sikulala vizuri mchana.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya mtihani. Mashimba amenipeleka kwa pikipiki yake. Akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Mlango haufungiki.

Daktari Josiane akasoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Akasema hajaona mgonjwa anayekula vizuri hivi. Nikajivuna. Akauliza kama mimi ni Msukuma, maana mlenda siku tano mfululizo. Nikasema nimezoea majirani. Nje benchi likalia. Mashimba ameinama asikie.

Kisha akatazama kinywa changu na uso wake ukabadilika. Fizi zimezidi. Kuna usaha. Akasema taratibu kwamba angeona mlo mbaya angekuwa na tumaini, wangeubadilisha, wangesubiri wiki kadhaa waone kama fizi zitashika. Lakini mtu anayekula hivi na bado anaoza, jino lake limefika mwisho, na likibaki litaharibu mengine.

Akaniuliza mara mbili. "Mzee Idefonsi, una uhakika hiki ndicho ulichokula? Chai ya sukari? Maandazi? Niambie tu, sitakugombeza."

Ningeweza kusema. Neno moja. Lakini mlango uko wazi, na Mashimba yuko pale na meno yake thelathini na mawili, na kuku wangu wamekula michembe ya mke wake.

Nikasema nina uhakika.

Limetoka bila kuvutwa sana. Dogo. Nilidhani ni kubwa zaidi.

Mwanya unahitaji wawili. Mmoja akiondoka, kinachobaki ni pengo. Nimefika nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha Deodata, nikakigeuza ukutani.

Mashimba hakucheka njia nzima. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 23 Novemba

Misa imekwisha. Watu wengi, mvua kidogo. Nikatoa neno la shukrani. Kila nikitamka "asante" upepo ulipita pengoni ukapiga mluzi. Nilikuwa nimeandika asante kumi na moja. Ya nne Speciosa akaanza kucheka, ya sita akaanza kulia, ya saba nikaacha.

Kaburini nimeongea na Deodata nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia ni baridi.

Jino nimelifukia pembeni ya msalaba, pamoja na kifungo. Mashimba aliniona. Akavua kofia, akaenda kusimama mbali.

Jumapili, 24 Novemba

Speciosa amelala hapa, ameondoka baada ya chai. Kabla ya kwenda akaniita nyuma ya nyumba. Mabua ya Deodata yalimwaga mbegu, na mvua hizi zimeziotesha. Tuta zima la kijani! Akasema baada ya wiki tatu nichume vichwa, mchicha unaochumwa ndio unaochipua, usiochumwa unakauka kama ule. Akaniapisha. Nikaapa.

Amesema kweli. Nimeyatafakari yote na nimejifunza. Kosa langu lilikuwa Mashimba. Mlo wake ni mzuri mno, daktari akakata tamaa. Safari hii nitaandika mlo wa wastani, mchicha na ugali basi, ili abaki na tumaini. Maana la kulia nalo limeanza kucheza, na Daktari Josiane amenipa daftari jipya.

Nimeutazama mchicha tena jioni. Majani mawili mawili, madogo. Mimi sikuupanda. Mbegu ni zake, kwa hiyo na mchicha ni wake. Siugusi.

Chai, vijiko vitano. Biskuti nusu pakiti.

Kwenye daftari la daktari nimeandika: Jumapili, mchicha, sahani mbili.