Basketi za Sentimita Saba

Jumanne, tarehe 3 Septemba

Joto la kuua. Lakini leo nimepata dawa ya ndoa yangu! Ilikuwa sokoni Mulongwe, kwenye meza ya Mama Fanny muuza viatu vya chagua, yaani mitumba. Basketi, zile raba za michezo, za rangi ya kahawia. Kwa nje ni bapa kama basketi yoyote. Ndani kimefichwa kisigino cha sentimita saba. Nimekipima kwa rula ya kazini.

Mimi nina mita moja na sentimita hamsini na tisa. Mke wangu Claire ana sitini na sita. Mtu afanye hesabu mwenyewe.

Mama Fanny alisema hizo ni za wanawake. Nikamjibu ni za dada yangu. Akauliza ni dada gani anayejaribishiwa viatu kwa miguu ya kaka yake. Nikalipa. Nilizichukua, nikaondoka haraka.

Jumatano, tarehe 4 Septemba

Niandike mambo wazi, ili siku moja Claire akisoma aelewe.

Mwezi wa tano ziwa lilipanda, maji yakaingia nyumbani kwetu, mtaa wa Kalimabenge. Claire aliinua godoro peke yake, akaondoa vyombo peke yake. Mimi nilikuwa nje nikitafuta mtumbwi wa kukodi. Mpango mzuri sana, ila mtumbwi haukupatikana. Claire akaenda mji wa Baraka kwa kaka yake. Mwezi wa saba maji yalirudi ziwani. Yeye hakurudi.

Mwisho wa mwezi huohuo mama yake, Mama Bernardine, akafariki hapa Uvira. Nilitaka kuonekana mkwe wa maana. Nikashonesha suti kwa fundi Mahamudi. Maziko yalikuwa saa saba. Suti ilitoka saa tisa. Nilifika makaburini watu wakinawa mikono. Gédéon, yule mrefu wa kwaya, alikuwa amebeba jeneza mahali pangu. Claire alinitazama, akatazama suti, akageuka. Tangu siku ile hapokei simu zangu.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili na nimefikia jibu. Ni urefu. Alimwona Gédéon, akaniona mimi, akalinganisha.

Jumamosi tunaondoa matanga nyumbani kwa baba mkwe. Claire atakuwepo. Ukutani kwetu bado kuna alama ya maji, inanifika kiunoni. Kila nikiiona namkumbuka na lile godoro. Nampenda yule mwanamke hadi chakula hakipiti.

Alhamisi, tarehe 5 Septemba

Pigo! Nikivaa basketi, suruali ya suti inapanda. Vifundo vya miguu viko nje. Naonekana mtoto aliyekua ghafla.

Kwa bahati, Fabiola, binti wa jirani, alikuja kwenye kibanda changu cha fotokopi na masomo yake. Anajua mitindo. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Akasema basketi za aina hiyo, wakati wa joto, zinavaliwa na kaptula. Kaptula iishie juu ya goti. Soksi zisionekane. Mguu unaonekana mrefu tangu paja hadi chini. Nilifurahi sana. Alikuwa anazungumzia wasichana, lakini hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, tarehe 6 Septemba

Nimekata suruali ya suti kwa mkasi wa karatasi. Mguu wa kulia ukatoka mrefu. Nikaupunguza. Wa kushoto ukawa mrefu. Nikaupunguza. Kaptula sasa inaishia vidole vinne juu ya goti. Vilipangwa viwili.

Nikaenda ufukweni kujizoeza kutembea. Mchangani kisigino kinazama, mtu anaegemea nyuma. Nimekanyaga ndagala za watu, wale samaki wadogo, zilizoanikwa. Wanawake wenye ndagala walicheka mpaka wakakaa chini. Gédéon akapita, ndani ya koti, joto hili lote! Akanisalimu kwa adabu, akauliza kama naumwa mgongo. Wivu tu.

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Siku mbaya.

Nilifika mapema. Kwa mara ya kwanza! Niliingia uani nikiwa na koti la suti, kaptula na basketi. Watu wakageuka kunitazama. Nikafikiri ni urefu. Claire alikuwa amekaa na wanawake, kitambaa cha matanga kichwani. Amekonda. Akasimama kunipokea. Macho yetu yalikutana moja kwa moja, sawasawa kabisa, lakini mimi nilikuwa bado juu ya kizingiti cha lango, kwa hiyo sina hakika na kipimo.

Halafu nikaona mikeka. Na pembeni ya mikeka, viatu vya watu wote, vimepangwa.

Kwenye matanga watu wanavua viatu na kukaa chini. Nimekaa matanga mangapi katika maisha yangu? Mpango wa siku nne, na sikuukumbuka mkeka!

Nikabaki nimesimama. Nikasema nasikia vizuri hata nikiwa nimesimama. Baba mkwe, Mzee Gracien, alinitazama miguu. Alinisubiri. Ukoo mzima ukanisubiri. Mwishowe nikavua. Nilishuka sentimita saba mbele ya wakwe zangu wote, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

Nikakaa. Kaptula ikapanda. Kila mtoto wa Uvira anajua kwamba mkwe haonyeshi magoti mbele ya baba mkwe. Hata mimi najua. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nafikiria vifundo. Mapaja yangu yalikuwa pale, katikati ya kilio cha watu, na mzee akageuza uso. Nilitamani maji ya mwezi wa tano yarudi yanichukue.

Claire akainuka. Akavua kitenge chake cha mabegani, akanifunika miguu, polepole, kama mtu anayefunika mgonjwa. Kisha akarudi mahali pake.

Baadaye alinisindikiza mpaka njiani. Alikuwa analia. Akaniambia: "Déo, siku tulizika mama, minye nilikuwa nakutafuta mu watu. Sikuwa natafuta suti."

Nikaanza kumweleza habari za fundi. Akanikatiza. "Lundi, saa moja ya asubui, niko kwa magari ya Baraka. Weye ukuje tu, ata na sandale. Ukifika, nashusha sakoshi, tunarudi kwetu."

Jumapili, tarehe 8 Septemba

Sikusali vizuri kwa furaha. Anarudi! Yaani, iko nafasi.

Lakini tufikiri. Alinifunika miguu. Maana yake ni nini? Kosa ni kaptula. Alisema Jumatatu nije hata na sandale, ndiyo, ila ni mpole, hapendi kuniumiza. Siwezi kumpokea mke wangu na miguu ileile iliyomwaibisha.

Vipande vya suruali sikuvitupa. Nimempelekea Mahamudi aviunge. Ameapa kwamba kesho saa kumi na mbili na nusu itakuwa tayari.

Kitenge cha Claire nimekifua. Baadaye nimejuta, kilikuwa na harufu yake.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Mahamudi alifungua kwa wakati. Hilo lazima niliseme. Mguu wa kwanza aliuunga haraka. Wa pili akaushona ndani nje. Akaanza kufumua. Saa moja ilikuwa inagonga. Niliwaza kukimbia na mguu mmoja. Lakini mtu ana heshima yake.

Nilifika saa mbili kasoro. Gari lilikuwa limeondoka.

Bibiche, anayeuza chai pale, alisema alimwona mwanamke mwenye kitambaa cha matanga. Alishusha mfuko wake wa safari, ile sakoshi, mara mbili, akiwaambia watu kwamba mume wake yuko njiani. Dereva alimpigia honi sana. Mara ya tatu aliipandisha mwenyewe, akakaa upande wa dirisha.

Nimepiga simu. Haipokelewi.

Basi, somo nimelipata: Mahamudi kwangu amekwisha. Sikukuu ya Noeli, Claire atakuja kuona kaburi la mama yake, na suti nitashonesha kwingine. Nilipotoka pale nilipitia kwa Mama Fanny. Anatarajia mzigo mpya, na ndani yake kuna basketi za sentimita tisa.

Sasa niko nyumbani. Suruali imetoka vizuri, mshono hauonekani kabisa. Nimekumbatia kitenge chake, nikalia sana, nikiwa nimesimama ili isikunjike.