Mkalimani wa Mchezo wa Magari

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Noela kala tena kwa Mama Tanvir! Siku ya nne. Mtoto wangu mmoja, miaka kumi na mitatu, na ugali wangu unapoa. Kisa, jirani ana kompyuta yenye mchezo wa magari. Lakini nami ninayo! Mdogo wangu Cornel, fundi wa kule Bugarama, aliiacha kwangu. Nimeazima CD ya magari. Nimemwambia Mama Tanvir nataka niikague kwanza, kama mzazi. Ha!

Jumanne, 7 Septemba
Haifunguki. Cornel kaja, kanicheka. Eti yangu inatumia mfumo uitwao Linux, CD imetengenezwa kwa mwingine, Windows, haziongei lugha moja. Nikamwuliza, kama mhubiri wa Kiswahili mbele ya bibi anayejua Kisukuma tu? Kasema hasa! Basi iko programu ya kukalimani. Nimemwambia aiweke. Kaiwasha, kasema inachukua saa tatu, dada usiguse.
Saa ya pili mashine inanguruma, ya moto. Nikaona huruma. Kanisani kwetu mkalimani hupewa maji na kiti. Nikaizima, mkalimani apumzike.
Cornel kaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 8 Septemba
Kaanza upya. Magari yametokea! Hayana magurudumu. Yanalia kama mbuzi. Noela kasema pole Mayu, pole mama yangu, kavaa ndala, kaenda zake. Nimechoka mwili mzima.

Alhamisi, 9 Septemba
Cornel kasema achana na magari, Linux ina michezo yake ya kuzaliwa nayo. Kafungua wa nyoka anayekula matofaa. Hakuna mkalimani. Noela hakutoka! Kacheza, nami kando nachambua mchicha, napiga kelele nyoka akijigonga. Kala sahani mbili. Mungu mkubwa.

Ijumaa, 10 Septemba
Lakini nyoka ni mmoja tu. Atamchoka, ataondoka. Cornel karudi kazini, kakataa kugusa tena. Nimerekebisha magari mwenyewe, kwa karatasi ya maelekezo aliyoiacha. Sasa hata nyoka haonekani. Kioo cheusi.
Noela kabeba sahani yake kwa Mama Tanvir. Na sahani!
Nimemfuata. Mama Tanvir kanikaribisha chai, kasema Mama Noela unakonda. Noela kaninong'oneza: hakujali nyoka wala magari, alipenda tu nilivyokaa naye. Nikamwambia asubiri kidogo, mama yuko kazini.
Nimerudi na CD ya mchezo wa kurusha ndege. Mama Tanvir kasema hii ni ngumu kuliko ya magari.
Vizuri. Ikifunguka hii, mtoto hatoki.