Malalamiko ya Mkaguzi wa Tiketi Kuhusu Wapenzi Wanaokimbilia Mabasi

Kwako Ndugu Mhariri, na kwa wote wanaokaa karibu na meza yako,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima sana, na wa kulaumiwa ni wewe, ingawa nasema hivyo kwa heshima zote.

Kwa kujitambulisha, mimi ni mkaguzi wa tiketi, geti namba tatu, stendi ya mabasi ya safari ndefu. Kazi hii nina miaka ishirini na miwili nayo. Wenzangu wananiita Saa Kamili, kwa sababu basi la saa nne kwangu linatoka saa nne. Nyumbani nina mke, fundi cherehani wa mapazia, ambaye hununua jarida lako la hadithi kila Jumamosi na kulisoma mguu ukiwa bado juu ya pedeli. Au tuseme nilikuwa naye nyumbani. Nitalifikia hilo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika hadithi zako, kila penzi linaokolewa getini. Mwaka huu nimehesabu tisa. Msichana amekasirika, amefunga sanduku, amepanda basi. Kijana anagundua dakika ya mwisho kwamba hawezi kuishi bila yeye, anatoka mbio, anampita mkaguzi, basi linasimama, abiria wanapiga makofi. Katika zote tisa mkaguzi hana mke wala hana neno la kusema, na katika moja amesukumwa akaangukia kapu la nyanya. Ndugu Mhariri, yule anayesukumwa ni mimi.

2. Wasomaji wako wanaiga. Tangu mwezi wa pili nimewazuia wakimbiaji sita. Mmoja ni kinyozi wa hapa jirani, kijana mpole siku zote. Aliruka kamba, akagonga ubavu wa basi mpaka dereva akafunga breki. Akapanda, akapiga magoti katikati ya siti, akasema maneno mazuri sana, nakiri. Hata bibi wa siti ya mbele alifuta macho. Ila lile lilikuwa basi la saa tatu na nusu. Mchumba wake alikuwa amepanda la saa tatu, na wakati huo alikuwa ameshafika mbali. Ilibidi nimshike mkono nimshushe, na yule bibi akanisonya mimi.

Nilimwuliza kinyozi kwa nini hayo yote hakuyasema kibarazani kwa kina mchumba wake, alikokaa kila jioni kwa miaka miwili. Akaniambia kule hayakumjia.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikosana. Chanzo kilikuwa kidogo. Alishona pazia jipya la sebuleni, likakaa siku nne, nami sikuliona. Aliponiuliza sebule imebadilika nini, nikajibu labda taa. Kesho yake akasema anakwenda kwa dada yake kupumzika. Nilimbebea sanduku mpaka stendi, kisha nikaenda kusimama kwenye geti langu. Zamu yake ilipofika akanipa tiketi, akasimama.

"Basi nakwenda," akasema.

"Siti yako ni ya kumi na nne," nikamwambia. "Kaa hapo hapo dirishani. Upande huo jua halikufikii mpaka unashuka."

Akaniuliza, "Hilo tu?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu thelathini. Nikamwambia maji ya kunywa yako kwenye mfuko wa pembeni. Nikatoboa tiketi. Basi likatoka saa nne kamili.

Jioni shemeji yangu akanipigia simu. Kumbe mke wangu alikaa amegeuza shingo mpaka stendi ikapotea. "Shemeji," akaniambia, "ungekimbia hata kidogo tu." Leo wiki ya tatu, hajarudi.

4. Siti ile, Ndugu Mhariri, haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuwa imeshawekwa kwa jina la daktari wa meno, na nilibishana na karani wa tiketi mpaka akaacha kunisalimia. Na kabla ya hapo, miaka iliyopita, nilipanda basi hilo mara mbili siku zangu za mapumziko, mara moja upande huu na mara moja upande ule, ili nijue jua linapita wapi, kwa sababu mke wangu likimpiga usoni huumwa kichwa. Hilo hukuliandika hata kwa mstari mmoja. Mtu akikimbia hatua hamsini anapewa sura nzima. Mtu akimtafutia mkewe kivuli cha safari ya muda wa saa tano, anaambiwa hana mapenzi.

Kwa hiyo naomba mpenzi wa hadithini anayejua kwamba anapenda aseme mapema, kabla tiketi haijakatwa. Akishindwa, apange foleni kama wengine. Pia uchape masahihisho, ukurasa wa kwanza, kwamba mapenzi hayapimwi kwa mbio. Na ukiona inafaa, umwandikie mke wangu barua rasmi, yenye mhuri, kuthibitisha kwamba nampenda. Naona mhuri wako atauamini. Mimi nimejaribu kwa simu mara nne, na kila mara nimejikuta namwuliza kama huko mvua imenyesha.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji na anayekuletea chai. Msalimie hata mwandishi wa hadithi zile. Sina kinyongo naye, ila siku akipita getini kwangu aje na tiketi.

Ni mimi, mwenye masikitiko na mwenye kushika wakati,

Mkaguzi wa Tiketi, Geti Namba Tatu

Tanbihi: Barua hii usiichape. Asubuhi hii nilikuwa getini naibandika stempu, basi la saa nne, lile lile linalokwenda kwa shemeji yangu, likaanza kutoka, nikajikuta nalikimbilia. Sijui ilikuwaje. Hatua hamsini ukizisoma ni chache. Ukizikimbia si chache. Dereva amesimama kwa kudhani stendi inaungua. Kiatu changu kimoja kimebaki huko. Naandika haya nikiwa wima katikati ya siti, tiketi sina, na basi limechelewa dakika saba kwa makosa yangu. Nina ombi moja tu, na ni la haraka: mwulize mwandishi wako, mtu akishafika mlangoni anasema nini? Nimezipitia zote tisa kichwani, na kila moja inaishia pale pale basi linaposimama.