Pingamizi Kuhusu Kuachwa kwa Mashine Yangu

Kwako mjukuu wangu mpendwa,
na kupitia kwako, kwa wenzako wote mnaotengeneza ule mfumo wa kompyuta wa bure,

Kabla ya salamu nikuulize: miguu yako ina nini? Tangu uliponibadilishia waya wa mashine hujakanyaga kwangu. Unapiga simu, unakohoa kidogo, unasema kazi nyingi, Bibi. Haya. Sasa hiyo kazi yenyewe nimeisikia, na ndiyo inayonifanya nikuandikie rasmi.

Umenijulisha kwamba katika toleo lijalo mfumo wenu hautazikubali tena kompyuta za zamani, ikiwemo hii yangu iliyo kando ya cherehani. Haitapata marekebisho wala ulinzi, itajijua yenyewe. Kwa heshima zote, napinga, kwa sababu zifuatazo:

1. Mmesema imezeeka. Hiyo si sababu, hayo ni matusi. Mimi nimeipita umri mbali sana. Kama waliozeeka wanaondolewa, naomba nitajiwe toleo nitakaloondolewa mimi, nifue kanga zangu mapema.

2. Mmesema hakuna aliyejitolea kuitunza. Mjukuu wangu, wewe ulipoletwa kwangu na upele wako na tumbo limevimba, nani alijitolea? Watu wazima walitazama dari. Nikakubeba. Leo umenenepa, unakaa kwenye kikao kuamua nani abebwe na nani aachwe!

3. Mmesema wanaozitumia ni wachache. Mlimuuliza nani? Si wewe uliyeniambia kwamba mfumo huo ni wa wote, kila mtu anaweza kuufungua akaona ndani, na kila mtu ana sauti? Basi sauti ndiyo hii. Jirani yangu fundi viatu naye anayo kama yangu, na ameniruhusu niseme kwamba amekasirika sana, ingawa yake anaiwekea kopo la gundi juu.

4. Kwenye mashine hii ndipo uliponifundisha herufi, wewe ukiwa darasa la tatu, ukinigonga vidole na rula kila nikikosea. Mimi nisiyejua dawati lilivyo, leo nawaandikia wasomi barua ya kuwagombeza. Mkiiacha hii, mnanifungia shule.

5. Na hili ndilo kubwa. Mashine hii ikiharibika, wewe huja. Unakaa sakafuni na bisibisi mdomoni, unakula, unalala, asubuhi tunagombana kuhusu dirisha. Hizo mpya umezisifia mwenyewe kwamba haziharibiki. Sasa mashine isiyoharibika ina faida gani kwangu?

Kwa hiyo naomba toleo lijalo lisimamishwe mara moja. Mashine mpya zisubiri nje mpaka za zamani zimalize shughuli zao. Na mimi nipewe cheo cha Mtunzaji wa Mashine Zote za Zamani, popote zilipo duniani. Mambo ya ndani ya mfumo siyajui, lakini nimelea ukoo mzima usiosikia la mtu, sidhani kama kompyuta itanishinda. Kikao cha kwanza kifanyike hapa chumbani kwangu. Wenzako wote waje, viatu wavue mlangoni.

Nisalimie yule mwenzako unayesema halali usiku, mwambie alale. Nisalimie na yule aliyeleta hoja hii ya kuziacha za zamani. Simchukii, ila siku hiyo asikae karibu na mkasi wangu.

Ni mimi bibi yako, fundi cherehani, nisiyeondoleka.

Nyongeza: Lile koti lako kuukuu uliloniachia, ukinisihi nilitie kiraka kingine, nimelikata matambara. Usianze kulia. Bitana ilikuwa imeoza, zipu za namna ile hazipatikani tena, na mimi ni mtu mmoja, siwezi kuhangaika na vazi moja la kizamani wakati wenye nguo mpya wamejaa mlangoni. Kuna mahali lazima mtu aseme basi. Kitambaa kipya kipo kabatini, kizuri kuliko unavyostahili. Kwenye simu siwezi kukupima mabega. Njoo Jumamosi, njoo hujala, na usivae lile sweta nene, utaniharibia vipimo.