Uzinduzi wa Kabati la Biolojia, Ukumbi wa Wana-Santa Rosalia, Vallejo

Mheshimiwa Rais Mstaafu wa Chama cha Wana-Santa Rosalia, sisi tuliotoka mji mmoja wa nyumbani tukahamia hapa Vallejo, Mheshimiwa Rais Mstaafu aliyemtangulia, ambaye bado hasalimiani naye, Makamu wa Rais wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu, Mweka Hazina, ambaye ni mke wangu, Malkia wa Urembo wa mwaka huu, pamoja na mama yake aliyeuza tiketi nyingi kuliko wote hadi bintiye akavikwa taji, Baba Paroko, bibi zetu wa meza ya mbele, ambao naona chakula hakijabarikiwa na wao wameshaanza kufunga lumpia, zile sambusa zetu za kuviringisha, za kwenda nazo nyumbani, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi mmoja anaficha mfuko.)

Mimi, Bonifacio Quizon, Rais wenu kwa awamu ya tatu, nachukua fursa hii adhimu kuzindua Kabati la Vitabu vya Biolojia kwa vijana wetu wanaojiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno, mradi wa kimkakati ambao niliubuni mwenyewe, nikaufanyia upembuzi yakinifu mwenyewe, na baada ya tathmini huru niliyoiongoza mwenyewe, nikajipongeza. (Makofi kutoka meza ya mke wake.)

Wapo wanaodhani kuchagua kitabu ni kuingia dukani, kulipa na kutoka. Hao hawajui utawala. Biolojia ya mtihani huu ni pana, ndugu zangu: mna seli humo, mna figo, mna majani yanayojipikia kwa jua, mna na ukoo wa kila mdudu tangu babu yake. Ndiyo maana Kamati ya Unene ilipendekeza kitabu cha kubebwa na watu wawili, Kamati ya Jalada ikakikataa kwa kuwa chura aliyechorwa juu yake alikuwa anatazama watu vibaya, na Kamati ya Usuluhishi ikalazimika kwenda Reno kwa semina elekezi. (Vicheko; Reno ni mji wa makasino.) Semina, nimesema, si kamari. Ikarudi na kitabu cha mtihani wa wale madaktari wengine, wa mwili mzima, kimejaa fizikia ambayo mtihani wa meno hauiulizi hata swali moja. Hizo ni changamoto. Asilimia tisini na saba ya mchakato ilikwenda vizuri.

(Binti anasimama nyuma ya ukumbi.) Naam, namwona Jocelyn, binti wa nesi Remedios. Wote tunamjua: mwaka jana biolojia ilimwangusha, na ikimwangusha tena, maombi ya mwaka huu ndiyo basi, na mama yake amekwisha kuchoka kufanya zamu mbili. Sema, mwanangu, kwa kifupi.

("Mjomba Boni, mtihani ni mwezi ujao. Nisome kitabu gani?")

Swali zuri sana, na limepokelewa. (Miguno.) Msigune. Daktari Ligaya Abad, mwenye kliniki ya meno, aliyeufanya mtihani huo akaushinda, alituletea kitabu chembamba, kimechakaa, kimepigwa mistari ya njano kila ukurasa, akadai ndicho alichosoma na kinatosha. Sawa. Lakini wajumbe, uchaguzi uliopita Ligaya alimpigia nani kura? (Wajumbe wanatazama sahani zao.) Ahaa. Hata hivyo sisi si watu wa kupoteza rasilimali. Mguu mmoja wa mimbari hii ni mfupi, tukakisokomeza hapo chini, na tangu siku hiyo hotuba zangu zinasimama imara, kwa hiyo asije mtu kusema kwamba kitabu hakitumiki.

Semeni pamoja nami: meno imara, chama imara! (Wanaitikia watatu.) Biolojia kwanza, siasa baadaye! (Anaitikia mke wake.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati ndugu yetu Rosendo wa duka la vyakula, aliyetuazima maboksi matupu ya sosi ya soya yaliyopangwa chini ya kitambaa hiki chekundu, na kwa kuwa anayataka kesho asubuhi, naomba mkata utepe asiyaguse. Kabati lenyewe litanunuliwa vitabu vikishachaguliwa, na vitabu vitachaguliwa kabati likishapatikana, hivyo mnaona wenyewe kwamba hakuna kilichokwama.

(Jocelyn anapita katikati ya meza, anapiga magoti mbele ya mimbari na kuchomoa kitabu. Mimbari inainama. Karatasi za hotuba zinateleza sakafuni, na glasi ya maji inazifuata.)

Jamani, huyo mtoto anakwenda wapi na mguu wangu?

(Makofi, ya kwanza ya kweli jioni nzima. Nesi Remedios analia wazi wazi. Bibi zetu wa meza ya mbele wanafungua mfuko wao na kumpa binti lumpia za kusomea.)